Unataka kuweka wakili kwenye shauri la ndoa? Jua kwanza ni maombi gani unayahitaji

Watu wengi huingia ofisi ya wakili na neno moja tu: "Nataka talaka." Wakili anaandika, anataja bei, wanakubaliana. Miezi minne baadaye nyumba imeshauzwa, watoto wamehamishiwa shule ya mkoa mwingine, na kesi bado inatajwa tu. Talaka yenyewe mara nyingi si sehemu ngumu ya mashauri haya. Kinachoumiza ni yale yanayofanyika pembeni wakati shauri likisubiri, na dawa yake ni maombi madogo: zuio la muda, matunzo wakati kesi ikiendelea, kukaa na mtoto kwa muda, kibali cha kufungua shauri mapema, kuongezewa muda wa rufaa. Wakili anayeijua talaka lakini hajui kuyawahi maombi haya anaweza kukushindia kesi na bado usikute kitu cha kugawana.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Zanzibar ina Mahakama ya Kadhi na utaratibu wake, usiuchanganye na huu.

Kwanza, Baraza

Kabla hujamlipa wakili shilingi, nenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Linaweza kuwa la kata, la kanisa au la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 101, inakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapita huko na Baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Uthibitisho huo hutolewa kwa hati maalumu, ile wanayoiita Fomu Namba 3, nayo huambatanishwa na shauri. Iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua. Ukiiweka kabatini mwaka mzima ukisubiri "labda atabadilika", itabidi urudi Baraza.

Isome hati hiyo ukiwa bado pale pale mbele ya katibu. Lazima ionyeshe kwamba Baraza liliusikiliza mgogoro na likashindwa kuwapatanisha. Barua ya mistari miwili inayosema tu "tunamleta kwenu mama huyu kwa msaada zaidi" ni mwaliko wa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya mpinzani kutaka shauri lisisikilizwe kabisa, na pingamizi hilo likikubaliwa shauri zima linatupwa nje hata kama ushahidi wako ni mzito kiasi gani.

Hakuna sababu ya kumlipa mtu akupeleke Baraza. Wakili anahitajika pale Baraza lisipowezekana. Sheria imeorodhesha hali hizo: mwenzi amekutelekeza na hujui aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi 6, ameitwa akagoma kwa makusudi, amefungwa jela miaka mingi, ana maradhi ya akili yasiyotibika, au kuna mazingira yasiyo ya kawaida. Kuishawishi mahakama kwamba uko kwenye mojawapo ya hali hizo ni kazi ya kitaalamu. Vivyo hivyo kwa ndoa ambayo haijatimiza miaka 2: kufungua shauri la talaka mapema hivyo kunahitaji kwanza ruhusa ya mahakama, na lazima uonyeshe kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida.

Neno kwa Waislamu, maana hapa watu wengi hukwama: talaka iliyotamkwa nyumbani au kuandikwa na sheikh haimalizi mambo kisheria. Bado mnapita Baraza, kisha mahakama ndiyo inayotambua kilichofanyika na kutoa amri ya talaka. Bila amri hiyo, suala la mgawanyo wa mali halifunguki.

Lipe jina tatizo lako

Kaa chini na daftari. Usianze kuandika historia ya ndoa, andika kitu unachokiogopa kitatokea wiki hii au mwezi huu. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha maombi gani unayahitaji, na hivyo wakili wa namna gani.

Unaogopa nyumba itauzwa? Hapo unahitaji zuio la muda. Mahakama zetu hadi leo hupima maombi haya kwa vigezo vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: pawe na hoja ya msingi inayobishaniwa na dalili kwamba unaweza kushinda, pawe na madhara yasiyoweza kufidiwa kwa fedha kama zuio lisipotolewa, na ionekane kwamba wewe ndiye utakayeumia zaidi kuliko mwenzako. Wakili akishindwa kukueleza vigezo hivi vitatu kwa lugha ya kawaida, akaviunganisha na nyumba yako, kunywa maji yake, shukuru, ondoka.

Kuna mambo mawili kuhusu zuio ambayo wateja hawaambiwi. La kwanza, zuio la aina hii hudumu kwa muda uliotajwa na mahakama, usiozidi miezi 6. Linaweza kuongezwa, lakini jumla yake haivuki mwaka 1, na anayeomba nyongeza lazima aonyeshe kwamba amekuwa akilisukuma shauri lake. Wako wanaopata zuio, wakalala, siku ya 190 wanaamka na kukuta dalali ameshamaliza kazi. La pili, kwa kawaida linahitaji shauri liwe limeshafunguliwa, na shauri linasubiri hati ya Baraza. Katika pengo hilo unafanya nini? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mwenzi mmoja kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa yule mwingine haki ya kuweka kwa Msajili wa Hati zuio la aina nyingine, la kwenye daftari la ardhi (kaveati). Kazi hii haihitaji kesi. Wakili mzuri huifanya siku mbili tatu baada ya kukupokea.

Kama kiwanja hakijapimwa, daftari la Msajili halitakusaidia. Hapo andika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, ueleze kwamba ni nyumba ya familia na una mgogoro. Barua hiyo haina nguvu ya amri ya mahakama, lakini mauziano mengi ya mitaani hupigiwa muhuri katika ofisi ile ile, na mwenyekiti aliyeonywa kwa maandishi huogopa kusaini.

Ukiwa unaogopa njaa, karo na kodi ya pango, unahitaji maombi ya matunzo wakati shauri likiendelea. Sheria ya Ndoa inairuhusu mahakama kuamuru hivyo kabla ya hukumu. Kama dai ni la mtoto peke yake, na hasa kama hamkufunga ndoa, anza kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Wazazi wengi humalizana pale, na ikishindikana unakwenda Mahakama ya Watoto. Ushahidi hapa ni karatasi: stakabadhi za ada, kadi ya kliniki, taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha alichotuma na mwezi alioacha kutuma, hati ya mshahara wake kama unayo. Ubaba ukikanushwa kuna maombi ya kipimo cha vinasaba. Kipimo hicho hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi yanayopita mamlaka zinazotambuliwa, mahakama ikiwemo, kwa hiyo usijipeleke peke yako na unywele wa mtu kwenye bahasha.

Kwa mtoto mwenyewe, kukaa naye au kumwona, jambo la kwanza kwa mahakama ni ustawi wake. Mtoto wa chini ya miaka 7 sheria hudhania kwamba ni vizuri akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na akina baba hushinda. Mahakama huangalia pia matakwa ya wazazi, na ya mtoto kama amefikia umri wa kutoa maoni yake. Mara nyingi afisa ustawi wa jamii huagizwa kutembelea nyumba zote mbili na kuandika taarifa, na taarifa hiyo ina uzito mkubwa. Wakili wa maombi haya awe mtu anayejua kuongea na afisa ustawi. Mwenye kelele tu hapa hasaidii. Kama kuna hatari ya mtoto kutolewa nje ya nchi, liseme hilo mwanzo kabisa, kwa sababu mahakama ina uwezo wa kulizuia.

Na kama kinachokutisha ni kipigo, usianzie kwa wakili. Anza Dawati la Jinsia na Watoto polisi, upate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, utibiwe. Karatasi hizo ndizo wakili atakazoziambatanisha baadaye.

Mahakama ipi

Nitalipita haraka hili, lakini usiliruke, kwa kuwa ndilo linaloamua kama wakili anaruhusiwa hata kusimama. Shauri la ndoa unaweza kulifungua Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Mwanzo ndiko rahisi na ada zake ni ndogo. Zamani mawakili hawakuruhusiwa kabisa huko. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 wanaruhusiwa, lakini pale tu mahakama hiyo inapoongozwa na Hakimu Mkazi. Kwa hiyo uliza kwanza: hakimu wa Mwanzo yetu ni Hakimu Mkazi? Nimeona mteja amelipa ada kamili, halafu wakili wake anakaa benchi la nje akimnong'oneza majibu kila akitoka.

Kwa Dar es Salaam, mashauri ya ndoa na mirathi yana nyumba yake: Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke, kinachofanya kazi tangu 2021. Ngazi mbalimbali za mahakama ziko jengo moja, na wadau wa ustawi wa jamii na msaada wa kisheria wanapatikana hapo hapo. Wakili anayeingia Temeke kila wiki ana faida juu ya yule ambaye kazi zake ni za benki na mikataba ya kampuni, hata kama huyu wa pili ana ofisi yenye kiyoyozi Posta.

Kumpata, na kumhakiki

Usimtafute kwenye ngazi za mahakama. Vijana wanaokupokea getini na faili kwapani, "mama una kesi gani, njoo nikusaidie", wengi wao ni vishoka. Wengine waliwahi kuwa makarani, wengine walisoma sheria na hawajaapishwa kuwa mawakili. Wanaandika vizuri tu, tatizo ni kwamba hati iliyoandaliwa na asiye na sifa ni silaha mikononi mwa mpinzani wako.

Uliza kwa waliomaliza kesi kama yako. Uliza afisa ustawi wa jamii anawaona mawakili gani wakija wamejiandaa. Ukishapata jina, lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, ambao uko wazi kwa mtu yeyote mwenye simu. Unaandika jina au namba ya uwakili, mfumo unakuonyesha kama yumo na hadhi yake ikoje. Angalia hasa kama cheti chake cha mwaka huu kipo hai, maana uwakili huhuishwa kila mwaka na ukifika Januari wapo wanaochelewa. Jina kufanana hakutoshi. Omba namba yake mwenyewe uilinganishe.

Kisha hakiki kitu ambacho mfumo hauonyeshi: je, yeye mwenyewe ndiye atakayeingia mahakamani, au atakupokea yeye halafu kila tarehe aje kijana mwingine wa kushika faili? Kushikiwa si dhambi siku ya kutajwa. Siku ya kusikilizwa maombi ni hasara.

Kikao cha kwanza

Nenda na cheti cha ndoa au ushahidi wa ndoa ya kimila, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya Baraza, karatasi za mali, na karatasi moja yenye tarehe muhimu kwa mpangilio. Peleka vivuli, ubaki na hati halisi. Mkikosana mbele ya safari juu ya malipo, hutaki hati ya nyumba iwe kwenye droo ya mtu mwingine.

Sikiliza anachouliza kuliko anachoahidi. Kikao kizuri kinakwenda hivi:

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

"Wakili, mume wangu anataka kuuza nyumba ya Mbagala."

"Nani kakwambia?"

"Dalali alileta watu Jumapili, wakapima vyumba."

"Hati iko wapi?"

"Hati hatuna. Kuna ile karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa."

"Ina jina la nani?"

"La baba watoto. Lakini fundi nilikuwa nalipa mimi, kwa hela ya genge."

"Una chochote kinachoonyesha ulimlipa? Hata meseji?"

"Meseji zipo. Fundi mwenyewe yupo, ni jirani."

"Vizuri. Kesho njoo na simu hiyo, na jina la dalali. Baraza mmeshakwenda?"

Angalia huyu wakili anafanya nini. Hajasema neno "talaka". Anatafuta dharura iko wapi, inathibitishwa na nani, na kama njia ya mahakamani iko wazi. Na hata mama huyu asingekuwa na genge wala meseji, wakili angepaswa kumwambia kwamba Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mwanamke anayeambiwa "wewe hukuchangia, ulikuwa mama wa nyumbani" na wakili wake mwenyewe amekaa kwa mtu asiyefaa. Kiasi cha mgawo ndicho kinachobishaniwa, na hutegemea ushahidi.

Nawe umuulize: Tunaanza na maombi gani? Yanafunguliwa lini? Tunaomba yasikilizwe kwa hati ya dharura? Mpinzani ataitwa kwanza au tunaomba amri ya upande mmoja, na kwa sababu gani? Tukikataliwa, tunafanya nini? Anayejibu "usijali, hiyo niachie mimi" hajajibu. Anayekuahidi ushindi, mwogope.

Bei na mkataba

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mteja akisikia "kesi ni milioni mbili" anaelewa kila kitu hadi mwisho. Wakili anamaanisha shauri la talaka, ngazi moja. Maombi ya zuio ni bei nyingine, matunzo nyingine, kukazia hukumu, yaani kuilazimisha itekelezwe, nyingine, rufaa nyingine kabisa. Wote wawili ni wakweli, na wote wataitana wezi.

Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 yenye viwango, lakini kwa kesi nyingi za familia bei ni maelewano. Dai maelewano hayo yawe kwa maandishi na kila ombi litajwe kwa jina. Sentensi kama hizi zinatosha: "Ada hii inahusu maombi ya zuio la muda kuhusu nyumba ya Mbagala, maombi ya matunzo wakati shauri likiendelea, na shauri la talaka na mgawanyo wa mali hadi hukumu. Haihusu rufaa wala kukazia hukumu. Ada italipwa kwa awamu tatu: wakati wa kusaini, maombi yakishafunguliwa, na ushahidi ukianza kusikilizwa." Ukilipa kwa awamu zinazofuata hatua za kazi, una kitu cha kushikilia. Ukilipa zote siku ya kwanza, kazi yako itakuwa ile ya kupiga simu isiyopokelewa.

Tenganisha ada ya wakili na ada ya mahakama. Ada ya mahakama hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, ile kontroo namba, inayotolewa maombi yanapofunguliwa kwenye mfumo wa mahakama. Omba utumiwe namba hiyo, ulipe mwenyewe kwa simu au benki, utunze ujumbe. Hakuna ada ya mahakama ya mkononi. Mtu akikwambia kuna "ya hakimu" au "ya kusukuma faili", hicho ni rushwa, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Mara nyingi hakimu mwenyewe hajui kwamba jina lake linauzwa.

Wapo wanaopendekeza wasilipwe kitu sasa, wachukue asilimia ya nyumba baadaye. Ushauri wangu ni kukataa. Wakili mwenye fungu kwenye nyumba ana haja nyumba iuzwe, nawe huenda una haja ya kuishi humo na wanao.

Kama huna uwezo, sema mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bila malipo. Mashirika ya TAWLA, WLAC na LHRC yamefanya mashauri ya ndoa na watoto kwa miaka mingi, na tangu 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani. Msaidizi wa kisheria wa kata atakuelekeza na kukusindikiza Baraza, ila hawezi kusimama mahakamani kama wakili wako, wala haruhusiwi kukutoza.

Kiapo chako: usisaini kabla ya kusoma

Maombi haya karibu yote huenda na hati ya kiapo, na kwa kawaida mahakama huamua kwa kuisoma hiyo bila kuita mashahidi. Kwa maneno mengine, karatasi ile ndiyo ushahidi wako. Usikubali kupigiwa simu "njoo usaini haraka, karani anafunga".

Isome aya kwa aya. Kila aya iwe jambo unalolijua wewe. "Mjibu maombi ni mtu katili asiye na utu" ni maoni, hayatakiwi. "Tarehe hiyo saa mbili usiku mjibu maombi alinifungia nje ya nyumba mimi na watoto wawili, tukalala kwa jirani" ni jambo la kiapo. Jambo uliloambiwa na mtu, kama habari za dalali, liseme limetoka kwa nani, na ikiwezekana huyo naye aape kiapo chake. Maombi kwa mahakama na hoja za sheria havikai ndani ya kiapo, vina mahali pake. Wakili mvivu hunakili kiapo cha mteja mwingine, na utajua ukikuta watoto watatu wakati wewe unao wawili.

Shuka hadi chini. Kuna uthibitisho, unaosema aya zipi unazijua mwenyewe na zipi umeambiwa. Kuna mahali pa kamishna wa viapo: jina lake, sahihi, muhuri, tarehe, na mahali kiapo kilipoapwa. Sheria ya viapo inataka mahali na tarehe vitajwe, na viapo vingi vimekufa kwa kukosa neno moja tu, "Dodoma" au "Mwanza". Halafu kuna "Imeandaliwa na", ambapo lazima pawe na jina la aliyeandika hati. Pakiwa wazi, au pana jina usilolijua, uliza.

Kama hati imeandikwa Kiingereza na hukielewi, dai usomewe yote kwa Kiswahili kabla ya kuapa. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya mahakama, kwa hiyo unaweza kabisa kuomba iandikwe kwa Kiswahili toka mwanzo. Mawakili wengine watanung'unika kwamba violezo vyao ni vya Kiingereza.

Walioko nje, Muscat au kwingineko: kiapo chako kinahitaji kuapwa mbele ya mtu mwenye mamlaka huko, na ubalozi wa Tanzania ndiyo njia ya kawaida. Hati ya uwakilishi kwa ndugu aliyeko nyumbani ni nzuri kwa kufuatilia na kulipa. Kuapa kwa niaba yako mambo ya ndani ya ndoa yako hawezi, kwa sababu hayajui.

Maombi yakishafunguliwa

Omba namba ya shauri na uiandike. Kwa namba hiyo unaweza kuulizia tarehe masjala bila kumtegemea mtu. Hudhuria hata kama wakili amesema si lazima. Hakimu anayekuona kila tarehe ana sababu moja pungufu ya kuliondoa shauri kwa kutohudhuria, na wewe utasikia kwa masikio yako nani ameomba ahirisho.

Mpinzani akileta kiapo kinzani, yaani kiapo chake cha kujibu chako, keti na wakili mkijibu siku hiyo hiyo au kesho yake. Akileta pingamizi la awali, usitishike, ni mchezo wa kawaida. Mwulize wakili kama kasoro inaweza kurekebishwa au ni bora kuondoa maombi na kuyaleta upya.

Ukishapata amri, ipeleke inakofanya kazi. Zuio lililobaki kwenye faili halimzuii mtu. Nakala iende kwa mjibu maombi, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa Msajili wa Hati, kwa benki kama kuna mkopo. Amri ya matunzo isipotekelezwa, kuna maombi ya kukazia. Usisubiri madeni ya mwaka yarundikane.

Ukishindwa kwenye shauri la ndoa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Zikipita, unaomba kuongezewa muda, na huko utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa. "Wakili wangu hakuniambia" kwa kawaida haikubaliki kama sababu, jambo ambalo wateja huona ni uonevu, lakini ndivyo ilivyo. Hivyo siku ya hukumu toka na maombi ya nakala yameshaandikwa.

Wakili akikutelekeza, unayo haki ya kumbadilisha. Mwandikie barua, mlipe alichofanya, chukua faili lako, na wakili mpya ataijulisha mahakama. Akiwa amekula fedha au ameghushi, malalamiko huenda Chama cha Mawakili Tanganyika au moja kwa moja Kamati ya Mawakili, ambayo ina uwezo wa kumsimamisha au kumfuta. Peleka mkataba, stakabadhi na meseji. Bila karatasi itakuwa neno lako na lake.

Amri ya talaka ikishatolewa na muda wa rufaa ukapita, chukua nakala iliyothibitishwa ukaisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili. Wakili anaweza kukufanyia, lakini kama haimo kwenye mkataba atakutoza, na ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe asubuhi moja ukiwa na nakala hiyo, cheti cha ndoa na kitambulisho.